Dharau iko mkiani: mwongozo kamili wa kuelewa maneno ya kejeli na matusi ya mtaani ya Kireno

Mwaka wangu wa kwanza Pemba, ule mji wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, nilisimama mbele ya benki na bahasha ya pesa za watu kwapani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanigusa bega: "Moço, é aqui o fim da bicha?" Nikaduwaa. Kireno changu nilikiokota kwenye tamthilia za Wabrazili, na huko "bicha" ni tusi wanalorushiwa wanaume mashoga. Nikaelewa kwamba mama yule ananiuliza kama shoga wa mwisho ndiye mimi. Mzee wa Kimwani, kabila la pwani hiyo, aliyekuwa mbele yangu aliniona nilivyomkodolea mama wa watu macho, akacheka hadi kofia ikamwenda upande. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "mama anauliza mwisho wa foleni."

Ndiyo maana ya mwongozo huu. Sikufundishi kutukana, hilo mtaa utakufundisha bure. Nataka ukiwa Nampula, Luanda, Lisbon au São Paulo ujue umeambiwa nini, kwa uzito gani, na neno lipi lisitoke kinywani mwako hata kwa utani. Baadhi ya maneno humu ni machafu. Nimeyaandika kama yalivyo, kwa sababu neno lililofichwa kwa nyota huwezi kulitambua ukilisikia.

Kabla ya kuanza: kusoma na kuita

"X" mwanzoni mwa neno isome "sh", "nh" ni "ny" yetu, "lh" ni "ly", na "ç" ni "s". Kwa hiyo "xingar" ni shingari, maana yake kutukana. Neno hili Wabrazili walilipata Angola, katika Kimbundu, pamoja na watu waliovushwa bahari utumwani. Kitenzi cha kutukana chenyewe ni cha ndugu zetu wa Kibantu!

Tusi zito huitwa "palavrão", kwa tafsiri ya sisisi "jineno". Ureno wanasema pia "asneira", kutokana na "asno", punda. Lugha ya mtaani Brazili ni "gíria". Ureno utasikia "calão", na hilo linaelekea zaidi kwenye uchafu.

Hatua ya kwanza: jiulize uko nchi gani

Sisi wenyewe tunalo neno "shoga". Wanawake wa pwani wakiitana shoga, ni rafiki wa chanda na pete. Mwite hivyo mwanamume, umeanzisha ugomvi. Kireno kimejaa mashoga ya namna hiyo, ila kinachoyageuza ni bahari, si jinsia ya anayeitwa.

"Rapariga" Ureno ni msichana tu, wa kawaida kabisa, na vitabu vingi vya kujifunzia Kireno cha Ulaya vinakufundisha hivyo ukurasa wa mwanzo. Lichukue neno hilo hadi kaskazini-mashariki ya Brazili umwite binti wa mwenye nyumba: utakuwa umemwita hawara au kahaba, na mlango utafungwa. Brazili sema "moça" au "menina".

"Puto" Ureno, Angola na Msumbiji ni dogo, kijana, mdogo wako wa mtaani. Brazili "ficar puto" ni kukasirika vibaya, na lenyewe ni neno la matusi. "Bicha" tumeshaiona, Brazili foleni ni "fila", na hata Ureno siku hizi wengi husema "fila" kukwepa vicheko. "Pica" Ureno ni sindano ya hospitali, Brazili ni uume. Muuguzi wa Lisbon akikwambia anakupa "uma pica", tulia upate dawa yako.

"Propina" si tusi lakini linaweza kukuletea kesi: Ureno na Msumbiji ni karo, Brazili ni rushwa. Mwanafunzi anayemwambia mhasibu wa chuo cha Brazili kwamba amekuja kulipa "propina" anaomba kutazamwa kwa jicho baya.

Halafu kuna "cabra", mbuzi jike. Ureno ni tusi kali kwa mwanamke, lenye maana ya mtu mwenye roho mbaya. Kaskazini-mashariki ya Brazili "cabra" ni mwanamume, na "cabra da peste" ni sifa: jamaa jasiri, dume la mbegu. Neno lilelile, mnyama yuleyule.

Hatua ya pili: sikiliza mkia wa neno

Hapa ndipo Mswahili ana faida ambayo haijui. Sisi hudharau kwa kichwa cha neno. Mtu akawa kijitu, mzee akawa kizee, mwizi akawa jizi. Wareno hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa mkia.

Chukua "gente", watu. Ukiongeza -inha unapata "gentinha", vijitu, watu wa hovyo; ukiongeza -alha unapata "gentalha", na hapo umewafanya takataka. "Jornal" ni gazeti, "jornaleco" ni kijigazeti cha kufungia maandazi. Brazili "time" ni timu, "timeco" ni kijitimu kinachofungwa na kila mtu. "Livro", kitabu, huwa "livreco"; "papel", karatasi, huwa "papelucho". Mkia -eco na -ucho hauna siku njema. Ukiusikia kwenye jina la kitu chenye heshima, jua kinabezwa.

Nilishamsikia karani akilalamika: "Ligou-me um doutoreco do ministério." Katika nchi hizi "doutor" huitwa karibu kila mwenye digrii, si daktari wa hospitali pekee. Ningeitafsiri hivi: "Kijisomi fulani cha wizarani kimenipigia simu." Ona tofauti. Kireno kimetia sumu kwenye mkia wa neno moja na sentensi iliyobaki ni safi. Kiswahili, kikishaanza na ki-, kinaisambaza dharau hadi kwenye kitenzi: *kimenipigia*. Ndiyo sababu Mswahili anayesikiliza Kireno huikosa kejeli. Anaingoja isambae, kumbe imeshapita.

Mikia miwili inahitaji uangalifu zaidi. Wa kwanza ni -inho, na -inha kwa kike. Huu ni wa mapenzi na wa dharau kwa pamoja. "Cafezinho" ni kahawa ya ukarimu, "avozinha" ni bibi kipenzi. Lakini "empreguinho" ni kijikazi cha kubangaiza, "professorzinho" ni kijalimu, na "mulherzinha" akiambiwa mwanamume ni tusi la kumwondolea uanaume. Utatofautishaje? Kwa sauti, na kwa kuangalia kama mwenye jina hilo yupo. Mbele yake huwa zaidi mapenzi, nyuma yake huwa zaidi kejeli.

Wa pili ni -ão. Kwenye majina mengi hukuza na kusifu: "amigão" ni rafiki wa dhati, "jogão" ni mechi ya kukata na shoka. Ukiubandika kwenye kitenzi, unamkamata mtu na tabia yake: "chorar" ni kulia, "chorão" ni mlialia, "mandar" ni kuamuru, "mandão" ni mtu wa kuamrisha wenzake, "saber" ni kujua, "sabichão" ni mjuaji, "beber" ni kunywa, "beberrão" ni mlevi.

Zoezi: chukua majina kumi ya vitu vya nyumbani, yabandike mikia hii, kisha mwulize Mreno au Mbrazili yapi yanasemwa kweli. Atacheka kwenye saba. Yale matatu hutayasahau.

Hatua ya tatu: tazama -o ikigeuka -a

Kiswahili hakina uume na uke wa sarufi, kwa hiyo tunaiona -a ya mwisho kama pambo. Katika matusi si pambo. "Vagabundo" ni mzururaji, mvivu. "Vagabunda" ni malaya. "Vadio" ni asiye na kazi. "Vadia" ni malaya. "Puto" wa Lisbon ni dogo; "puta" ni kahaba popote. Hata maneno ya heshima yanaanguka: "homem público" ni kiongozi, mtu wa umma, ilhali "mulher pública" kwa matumizi ya zamani ni kahaba. Bosi wa kiume anayeamrisha ni kiongozi. Wa kike ataitwa "mandona".

Wanawake wa Brazili hawakukaa kimya. Tangu 2011 wameandamana mitaani chini ya jina "Marcha das Vadias", wakilibeba tusi lenyewe kama bendera. Ukiona neno hilo kwenye bango au fulana, anayelivaa amelichukua kwa hiari yake. Haina maana na wewe umeruhusiwa.

Hatua ya nne: wanyama

Hapa hutapotea sana, kwani punda ni punda duniani kote: "burro" ni mjinga. "Porco", nguruwe, ni mchafu, "cobra" ni nyoka wa kibinadamu, "vaca", ng'ombe, kwa mwanamke ni tusi. Brazili "anta", mnyama wa misitu ya kwao, ni mtu asiyeelewa kitu. "Galinha", kuku, ni mtu asiyetulia na mpenzi mmoja, mume kwa mke. "Piranha" ni mwanamke wa namna hiyo, kwa matusi zaidi.

Jihadhari na pembe. Kwetu aliyeota pembe ni jeuri. Kwa Wareno na Wabrazili, mwenye pembe, "corno", ni mwanamume ambaye mkewe anatoka nje ya ndoa, na hata kumwonyesha mtu kidole cha shahada na cha mwisho vikiwa vimesimama kunatosha kuanzisha ngumi. "Cabrão", beberu, la Ureno lina pembe hizohizo ndani yake.

Na kuna paa: "veado". Likitamkwa "viado", Brazili ni tusi kwa mashoga. Katika "jogo do bicho", bahati nasibu ya wanyama iliyoanzia Rio de Janeiro mwaka 1892, paa ana namba 24. Kwa miaka mingi wanasoka wa Brazili waliikimbia jezi namba 24 kama ugonjwa. Mtu akikutania kuhusu 24, sasa unajua.

Hatua ya tano: nani anamwambia nani

Brazili "Seu Joaquim" ni Mzee Joaquim, kwa heshima. "Seu burro!" ni "we punda we!" Kijineno ni kilekile. Kikitangulia jina la mtu ni shikamoo. Kikitangulia sifa mbaya ni kofi. Kwa mwanamke huwa "sua": "sua idiota".

"Você" ni "wewe" ya kila siku Brazili. Ureno inaweza kusikika baridi au ya kudharau, hasa kwa mtu mzima. Huko tumia "o senhor" na "a senhora" hadi uambiwe uache.

Halafu ujue kuna watu ambao kwao tusi ni chumvi. Watu wa Porto wanajulikana Ureno nzima kwa hilo: "caralho", ambalo ni uume, linaingia katikati ya salamu, bei ya samaki na habari za mvua. Brazili "pra caralho" ni "sana kupindukia", na "do caralho" ni kitu bomba. Husemwi wewe, unasikia tu mdundo wa maongezi. Ila usijiunge. Mgeni anayetukana kwa lafudhi ya kigeni husikika kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Una maneno yenye suti: "pra caramba" badala ya "pra caralho", "caraças" kwa Ureno, "filho da mãe" badala ya "filho da puta". Kwenye simu utakutana na vifupisho: "fdp" ndiye huyo mwana wa kahaba, "pqp" ni mshangao mchafu wenye kahaba huyohuyo, "crl" au "krl" ni lile la Porto.

Na usishangae waigizaji wakitakiana "muita merda", mavi mengi, kabla ya kupanda jukwaani. Ni kutakiana heri.

Hatua ya sita: rangi, asili na yale maneno yaliyopita kwetu

Hapa nitakaa kidogo, maana baadhi ya matusi haya yalianzia kwenye mwambao wetu.

"Monhé" ni tusi Ureno na Msumbiji kwa watu wenye asili ya India na Pakistani, na kwa Waislamu kwa jumla. Neno hilo huhusishwa na *mwenye*, jina la heshima la wakubwa wa Kiislamu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ndugu wa *mwinyi* wetu. Tazama safari hiyo. Cheo cha bwana wa mji kimevuka bahari kikafika Lisbon kikiwa tusi la kumrushia muuza duka.

"Cafre" ni *kafiri*. Wareno walilichukua neno la Kiarabu kutoka kwa Waislamu wa bahari yetu, wakaliacha dini yake na kulifanya jina la Waafrika weusi. Leo ni tusi, na ndugu yake wa Afrika Kusini ni zito mno hata kuandikwa. "Moleque" ni la Kimbundu, kijana tu. Wenye watumwa Brazili walilitumia kwa watoto weusi, na leo mtu mzima akiitwa hivyo anaambiwa hana akili wala wajibu.

"Macaco", nyani au kima, kwa mtu mweusi ni ubaguzi wa wazi, na viwanja vya mpira vina kumbukumbu yake. Mwaka 2005 beki wa Argentina, Leandro Desábato, alikamatwa na polisi palepale uwanjani São Paulo akituhumiwa kumtukana mchezaji Grafite kwa rangi yake. Mwaka 2014 klabu ya Grêmio iliondolewa kwenye Copa do Brasil baada ya mashabiki wake kumtukana Aranha, kipa wa Santos. Mwaka 2020 kule Guimarães, Ureno, Moussa Marega wa Porto aliondoka uwanjani mwenyewe baada ya mashabiki kumtukana kwa rangi yake. Kuna msemo wa kawaida, "vai pentear macacos", nenda ukachane nyani nywele, yaani nipishe. Kwa walio wengi hauna rangi. Mimi siusemi mbele ya mtu yeyote.

Sasa mtego kwa aliyesoma Kiingereza kwanza: Brazili "negro" si tusi. Ndilo neno la vuguvugu la watu weusi lenyewe, na kwa takwimu hujumlisha "pretos" (weusi) na "pardos" (machotara) wa sensa. Ureno mambo yamegeuka: "negro" ni la heshima zaidi, na "preto" kwa mtu mara nyingi huuma. Utawasikia Wabrazili wakiitana "meu nego", mpenzi wangu. Waachie wenyewe.

Vita vya ukombozi navyo viliacha maneno. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakapitia kambi za Kongwa na Nachingwea. Askari wa Ureno waliwaita wapiganaji "turras", mkato wa "terroristas". Wao wakawaita Wareno "tugas". Miaka imepita, na leo Mreno anajiita "tuga" mwenyewe akishangilia timu ya taifa. "Turra" limebaki na harufu ya baruti. Walowezi waliorudi Ureno Afrika ilipopata uhuru, wapatao nusu milioni, waliitwa "retornados", warudi, na jina hilo halikuwa la kuwakaribisha.

Msumbiji huru nayo ilitunga lake: "Xiconhoca", mhusika wa katuni za mwaka 1976, mfano wa adui wa ndani, mlevi, mla rushwa, mvivu. "Xico" lilitoka kwa Xico-Feio, mtu wa polisi wa siri wa kikoloni. "Nhoca" soma sasa kwa kanuni yetu ya mwanzo: nyoka. Mzee wa Msumbiji akimwita mtu Xiconhoca, Mswahili hahitaji mkalimani.

Usisahau matusi ya ndani kwa ndani. Maputo "xingondo" ni kejeli kwa mtu wa kati au kaskazini ya nchi. São Paulo "baiano" humpiga yeyote aliyetoka kaskazini-mashariki, na Rio kazi hiyo hufanywa na "paraíba". Ni majina halali ya watu wa Bahia na jimbo la Paraíba. Anayeyafanya matusi ni msemaji.

Hatua ya saba: kamusi na daftari

Kamusi ya Priberam iko intaneti, bure. Usitazame maana tu, tazama alama zake: "depreciativo" ni la dharau, "informal" ni la kawaida, "calão" na "tabuísmo" ni chafu, kisha jina la nchi. Neno lenye "Brasil, depreciativo" lina safu mbili za taarifa na zote mbili ni za lazima.

Kwenye daftari weka safu nne: neno, nchi, nani alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini. Safu ya nne ndiyo mwalimu. Alicheka? Alinyamaza? Aliweka chini glasi yake?

Na uliza. "Isso é palavrão?" (hilo ni tusi?) na "Posso dizer isso à sua mãe?" (naweza kumwambia mama yako?). Swali la pili limeniokoa zaidi ya la kwanza.

Hatua ya nane: likikupata wewe

Kwa kejeli ndogo, rudisha swali: "Como é que disse?", umesemaje? Wengi hulimeza neno lao wakitakiwa kulirudia. Kwa mtu wa ofisini: "Não admito que me fale assim", sikubali useme nami hivyo. Brazili kuna jibu tamu la mtaani: "Respeito é bom e eu gosto", heshima ni nzuri nami naipenda. Litoe ukitabasamu nusu.

Ukitukanwa kwa rangi Brazili, hiyo ni jinai. Sheria namba 14.532 ya mwaka 2023 imeiweka "injúria racial", tusi la rangi, katika kundi la ubaguzi wa rangi, kifungo cha miaka 2 hadi 5. Tafuta shahidi, piga namba 190 ya polisi kama tukio linaendelea au namba 100 ya haki za binadamu, kisha nenda "delegacia", kituo cha polisi, uombe "boletim de ocorrência", taarifa ya tukio. Kabla hujafika, liandike neno kwenye simu kama lilivyotamkwa, pamoja na mkia wake na lile "seu" lililotangulia. Karani hatakuuliza ulijisikiaje kwanza. Atakuuliza alisema nini, na usimpe tafsiri.